Dakika za mikono: jinsi ya kupima na kupandisha ubora wa ufundishaji katika chuo cha ufundi stadi

Mwanafunzi wa sekondari akifundishwa vibaya, ubovu unaweza kujificha hadi matokeo ya mtihani yatoke. Aliyefundishwa vibaya kuchomelea hujulikana wiki ya kwanza kazini, geti linapoachia kwenye bawaba. Mwenye karakana aliyemwajiri hamkumbuki mwalimu wala mtaala, anakumbuka jina la chuo. Mwaka unaofuata vijana wa chuo hicho wakija kuomba nafasi, anawaambia nafasi zimejaa.

Mshindani mkuu wa chuo chako si chuo cha jirani. Ni kijana aliyejifunzia mtaani kwa fundi, hakulipa ada, na kwa miaka miwili ameshika kifaa karibu kila siku. Pengine hajui kusoma mchoro, havai kinga, na hesabu zake ni za kukisia. Lakini mkono wake una kasi. Chuo kinamzidi pale tu mhitimu anapotoka na vyote viwili: mkono uliozoea kazi, pamoja na vipimo, usalama na mpangilio ambao mtaani haupatikani. Kikitoa hivyo vya pili peke yake, mzazi ana haki ya kuuliza ada yake imenunua nini.

Tanzania ina mfumo wa mafunzo unaosimamiwa na VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, tangu sheria ya mwaka 1994, na mitaala yake imejengwa juu ya umahiri, ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Kenya nayo imehamia mitaala ya umahiri katika vyuo vyake. Kwenye karatasi, basi, jambo limeshaamuliwa: mwanachuo apimwe kwa anachoweza kutenda. Kinachobaki kuamuliwa ni kile kinachotokea kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana ndani ya karakana, na hapo ndipo mwongozo huu unapoingia. Umeandikwa kwa mkuu wa chuo, mratibu wa mafunzo na mkuu wa fani. Mifano mingi ni ya fani ya uchomeleaji kwa sababu hesabu zake huonekana wazi, ila njia ni ileile kwa ushonaji, ufundi bomba au upishi.

Pima kabla ya kurekebisha

Kipimo tunachokipendekeza tunakiita dakika za mikono: muda ambao mwanachuo mwenyewe ameshika zana na anafanya kazi ya fani. Kumtazama mwenzake, kunakili ubaoni na kusubiri zamu havihesabiki.

Kukipata hakuhitaji programu wala mtaalamu. Ingia karakana mwanzoni mwa kipindi cha vitendo ukiwa na saa, kalamu na karatasi yenye safu nne. Kila baada ya dakika tano, zungusha macho na uhesabu: wangapi wameshika zana na wanatenda, wangapi wanatazama wakiwa na jukumu, mfano kujaza fomu ya ukaguzi ya mwenzao, wangapi wanasubiri, wangapi hawapo. Kwa saa moja utakuwa na hesabu 12. Darasa likiwa na wanachuo 30, nafasi zote ni 12 mara 30, yaani 360. Ikiwa jumla ya safu ya kwanza ni 72, umepata asilimia 20. Maana yake kila saa moja ya vitendo iliyo kwenye ratiba inampa mwanachuo wa wastani dakika 12 tu za mikono.

Fanya hivyo mara tatu kwa kila fani, siku tofauti. Mwalimu ajulishwe mapema kwamba kinachohesabiwa ni muda wa wanachuo, wala si makosa yake. Ukienda kimyakimya kama mkaguzi, utaoneshwa kipindi cha maonesho: mashine zote zimewashwa, na kesho yake zinarudi kufungiwa stoo.

Tazama pia safu ya kusubiri ina akina nani. Mara nyingi ni walewale. Vijana wanne wenye uzoefu wa awali hushika mashine kila siku kwa sababu kazi yao haiharibiki na mwalimu anaona raha kuwatazama, na wasichana katika fani za chuma na magari huishia kufagia na kuandika. Wastani wa darasa unaficha hilo, kwa hiyo weka alama kwenye majina matano uliyoyachagua bila mpangilio na uwafuatilie hao kwa kipindi kizima.

Hesabu ya mashine

Tuchukue karakana yenye mashine 3 za kuchomelea, wanachuo 30, na kipindi cha dakika 180. Mwalimu anatumia dakika 15 kuita majina na kugawa kinga, dakika 25 za onyesho kwa darasa zima, na dakika 15 za usafi mwishoni. Zimebaki 125. Mara mashine 3 ni dakika 375; gawa kwa 30, kila mtu anapata dakika 12 na nusu. Vipindi vinne kwa wiki vinampa dakika 50.

Watu wengi hapa hukimbilia kuomba mashine nyingine. Mashine ni nzuri, lakini kwanza toa mianya iliyopo. Gawa darasa makundi matatu ya watu kumi. Kundi moja liko kwenye mashine. La pili linapima, linakata kwa msumeno wa chuma na kusawazisha kingo kwa tupa kwenye jiliwa. La tatu linasoma mchoro na kukadiria vifaa na gharama za kazi ya wiki. Onyesho lifanyike kwa kundi moja moja, dakika 10 kila moja, kwenye mashine moja, wakati mbili nyingine zinaendelea kutumika. Sasa mashine zina dakika 150 mara 3, yaani 450. Toa 30 za maonyesho, zimebaki 420. Kila mtu anapata dakika 14.

Nyongeza ya dakika moja na nusu inaonekana ndogo, na ni ndogo kweli. Faida kubwa ya makundi ni kwamba wale 20 ambao wangekaa kwenye benchi sasa wanafanya kazi za fani, na wakifika kwenye mashine vipande vyao vimeshakatwa. Ukitaka dakika za mashine zenyewe ziongezeke, fungua karakana nje ya ratiba: jioni mbili kwa wiki, kwa muda wa saa mbili kila jioni, mwalimu au msaidizi akiwepo. Mashine 3 kwa dakika 240 ni dakika 720, au 24 kwa kila mwanachuo. Ukijumlisha na dakika 56 za vipindi vinne, jumla ya wiki inapanda kutoka 50 hadi 80. Kwa muhula wa wiki kumi ni tofauti ya dakika 300 kwa kila mtu, bila kununua mashine hata moja. Utalipa umeme, vijiti vya kuchomelea na posho ya msimamizi. Ingiza gharama hizo kwenye bajeti mwanzoni, kwa sababu jioni za kujitolea hufa wiki ya tatu.

Onyesho la kazi

Onyesho ndilo hatua inayoharibika kuliko zote, kwa kuwa fundi hodari huamini kuwa kutenda mbele za watu ni kufundisha. Mkono wake unafanya mambo matano kwa wakati mmoja na yeye mwenyewe hayaoni tena. Njia ya hatua nne iliyoenea kupitia TWI (Training Within Industry), mpango wa mafunzo ya viwandani nchini Marekani miaka ya 1940, viwanda vilipolazimika kuwafundisha haraka wafanyakazi wapya wakati wa vita, bado haijapitwa: mwandae anayejifunza, mwoneshe kazi, aijaribu mwenyewe, kisha umfuatilie. Ndani ya karakana tunaipanga hivi:

1. Eleza kwa sentensi mbili kinachotengenezwa na kitapimwaje. Onesha kipande kilichokamilika na kingine kilichoharibika, wavishike.
2. Fanya kazi nzima kwa kasi ya kawaida, kimya.
3. Irudie polepole ukitaja kila hatua na sababu yake. Hapa ndipo yanaposemwa mambo ya mkono: kiwiko kimeegemea wapi, macho yanatazama nini.
4. Irudie tena, safari hii mwanachuo akikuamuru la kufanya. Akiruka hatua, simama na usubiri.
5. Mwanachuo mmoja afanye huku akisema. Mchague wa wastani. Hodari atawadanganya wengine kuwa ni rahisi.

Wanachuo wasimame nyuma yako au ubavuni, upande unakotazama wewe. Wakisimama mbele yako wataona kazi imegeuzwa, kushoto kuwa kulia. Kazi ndefu igawanywe. Hatua saba zinatosha kwa onyesho moja.

Kwa uchomeleaji kila anayetazama awe na ngao yenye kioo namba 10 au 11. Anayechungulia kwa macho matupu hasikii kitu pale pale. Usiku ndipo macho yanapowasha kana kwamba yana mchanga, na kesho yake hayupo darasani. Ukiona utoro umepanda siku moja baada ya vipindi vya kuchomelea, hesabu ngao kabla ya kuita wazazi.

Mwalimu asome kosa kwenye kazi

Tofauti ya mwalimu na msimamizi huonekana anapopewa kipande kibovu. Msimamizi anasema "rudia". Mwalimu anakigeuza, anasema sababu, na kumwambia mwanachuo abadilishe kitu kimoja tu kwenye jaribio linalofuata. Akibadilisha vitatu kwa pamoja hatajua kipi kilimponya.

Mfano ni vijiti vya aina ya E6013 vya unene wa milimita 2.5 kwenye chuma laini, ambavyo kwa kawaida hufanya kazi kati ya ampea 60 na 90. Kijiti kikinata kila kinapogusa, ampea ni ndogo, au klampu ya ardhi imebana juu ya rangi na kutu, au mkono unagonga na kusimama badala ya kukwaruza na kuinua. Mshono uliotuna juu bila kushika pembeni ni dalili ya ampea ndogo. Mfereji uliochimbika kando ya mshono unatokana na ampea kubwa au kijiti kilichowekwa mbali mno. Vitundu vidogo vinatokana na vijiti vilivyokula unyevu, chuma chenye mafuta au rangi, au tena umbali mkubwa. Umbali sahihi kati ya ncha ya kijiti na chuma unakaribia unene wa kijiti chenyewe, yaani milimita 2 hadi 3, na ukiwa sahihi sauti inakuwa ya kukaanga isiyokatika. Mfundishe mwanachuo kusikiliza. Ndani ya ngao haoni mengi, lakini sikio liko huru.

Kwa umeme wa majumbani usomaji huo unafanywa kabla ya kuwasha. Ubao wa mazoezi, mmoja kwa wanachuo wawili, ufungwe saketi ya taa kwa waya wa milimita za mraba 1.5 na ya soketi kwa 2.5. Kisha mwanachuo apime mwendelezo wa waya na uimara wa uhami kwa kifaa ambacho mafundi wengi hukiita mega, kwa volti 500, taa na vifaa vingine vikiwa vimeondolewa. Chini ya megaomu 1, hauwashwi. Anayezoea kuwasha kwanza ili aone kama inafanya kazi atakwenda na tabia hiyo hadi kwenye nyumba ya watu. Na kwa kuwa nchini Tanzania kazi ya kusimika umeme inahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, kupima na kuandika matokeo si jambo la ziada kwa mhitimu anayetaka kujitegemea.

Malighafi

Vifaa vikiisha, mwalimu hurudi kwenye chaki na mdomo, na ratiba itaendelea kusomeka "vitendo". Kwa hiyo malighafi zihesabiwe kwa kipindi. Kijiti cha milimita 2.5 huungua kwa dakika moja hivi. Katika dakika 12 za mashine, ukiondoa kupanga, kugonga magamba na kusafisha, anayeanza hutumia vinne au vitano. Wanachuo 30 mara 5 ni vijiti 150 kwa kipindi. Chukua kumi upime kwenye mizani ya dukani. Mara nyingi 150 vitakaribia kilo tatu. Zidisha kwa vipindi vya muhula, weka bei ya leo ya mtaani kwako, kisha linganisha na ada. Kama ada haibebi hesabu hiyo, punguza idadi ya wanachuo au pandisha ada. Kuongeza wanachuo ili kufidia pengo kunazidi kulitanua, kwa sababu kila anayeongezeka anakula dakika na vijiti vya waliopo.

Vyuma vya mazoezi vipatikane kwa wanaotengeneza mageti na grili. Mabaki ya sentimita 10 hadi 15 yanatosha kwa wiki za mwanzo. Waya za umeme zianze na kazi ndefu, kisha zikatwe kwa kazi fupi zaidi. Vitambaa vya mafundi cherehani vinafaa kwa mishono ya mwanzo, ingawa kupima na kukata kunahitaji kitambaa kizima, walau kimoja kwa kila mtu kwa muhula.

Uzalishaji wa kuuza, kama madawati na sare, unasaidia sana bajeti na unaweza kuua mafunzo kimyakimya. Mteja anataka madawati 50 ifikapo Ijumaa, mwalimu anawapa kazi vijana watatu wenye mkono mzuri, na wengine 27 wanapaka rangi. Weka sharti: kila dawati liwe na jina la mwanachuo aliyechomelea, na hakuna anayeruhusiwa kufanya la tatu kabla kila mmoja hajafanya la kwanza.

Wiki tatu za mwanzo

Wanaoacha chuo huanza kuacha mapema, na sababu moja iko mikononi mwa mwalimu: wiki nzima, au mbili, za kunakili historia ya fani na orodha ya kanuni za usalama. Kanuni za usalama zifundishwe zikiwa na zana mkononi, kila moja siku inapohitajika. Kabla ya mwisho wa wiki ya kwanza kila mwanachuo awe amepeleka nyumbani kitu alichokitengeneza: mfuko wa kitambaa, kigoda cha kuwekea ndoo, waya wa nyongeza wenye soketi uliopimwa na mwalimu. Mzazi anayekopa ada anakiona.

Walimu

Utakutana na aina mbili. Yupo fundi wa miaka mingi ambaye mikono yake haina shaka ila hawezi kueleza, na yupo mwenye cheti kizuri ambaye hajawahi kufanya kazi ya mteja. Wa kwanza apelekwe kwenye mafunzo ya ualimu wa ufundi stadi, ambayo chuo cha Morogoro kimeyatoa kwa miaka mingi. Wakati anasubiri nafasi, mkae pamoja muandike hatua za maonyesho yake. Wa pili apelekwe karakana ya nje wiki mbili hadi nne wakati wa likizo, afanye kazi kama fundi wa kawaida, na arudi na orodha ya mambo matatu ambayo chuo kinayafundisha kwa njia iliyopitwa. Kuwapangia vipindi viwili kwa wiki wafundishe pamoja kunasaidia zaidi ya semina ya siku moja yenye chai na vitafunwa.

Andalio la somo lisiwe karatasi ya kumridhisha mkaguzi. Ukurasa mmoja unatosha: kazi itakayofanywa, hatua zake, vifaa na idadi, makundi na zamu zao, na kosa moja linalotarajiwa na jinsi ya kulikamata. Mwalimu asiyeweza kulitaja kosa hilo kabla ya kipindi bado hajajiandaa.

Kupima umahiri

Fomu ya ukaguzi iwe na mambo yanayoonekana na kupimika: "kingo zimesafishwa kabla ya kuchomelea", "pembe ni nyuzi 90, kosa lisizidi moja", "muda haukuzidi dakika 40". Kipengele kama "amefanya vizuri" hakipimi chochote. Jaribu fomu kwa kuwapa walimu wawili kipande kimoja bila kushauriana. Wakitofautiana katika vipengele zaidi ya viwili kati ya kumi, fomu ndiyo mbovu, irekebisheni. Mwisho wa muhula alikeni fundi wa nje mwenye karakana yake akague pamoja nanyi. Atakuwa mkali kuhusu muda, jambo ambalo vyuo vingi havilipimi kabisa.

Baada ya kuhitimu, pigeni simu kwa kila mhitimu mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili. Maswali yawe machache: unafanya kazi, ni ya fani yako, unalipwa au umejiajiri, ni kazi gani iliyokushinda. Kwa mwajiri ulizeni moja tu: ni kitu gani ulilazimika kumfundisha upya? Majibu hayo yaandikwe na kupelekwa kwa mwalimu wa fani husika, si kubaki kwenye faili la ofisi ya usajili. Waajiri watatu wakitaja kusoma mchoro, somo hilo linaongezewa muda katika kundi la tatu la zamu, kila wiki, kuanzia muhula unaofuata.

Msianze fani zote kwa pamoja. Chagueni moja, ile ambayo mkuu wake ana hamu, ipimwe wiki ya pili ya muhula, makundi na jioni za karakana zianze wiki ya tatu. Kipimo cha pili kifanyike wiki ya nane, kwa kipindi kilekile, saa ileile, na mtu yuleyule ndiye ahesabu, maana wahesabuji wawili hawakubaliani kirahisi nani anatenda na nani amelishikilia tu koleo.